Kifungu cha Nne cha Sheria ya Mikoko

Sheria yetu ya mikoko ilianzia kwenye kompyuta yangu, na kosa lake nalo lilianzia hapo hapo. Nina kiduka cha steshenari Kibiti, ng'ambo ya barabara ukitoka stendi. Nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, natoa kopi za vyeti, na msimu wa korosho ukifika nachapa matangazo ya mikutano ya ushirika mpaka printa inalia. Watu wakiona mtu ana kompyuta hudhani ana akili ya sheria pia. Mimi sikuwakatalia. Sifa ya bure nani anaikataa?

Aliyenitia kwenye kazi hii ni mwalimu mstaafu anayeishi Mahege. Alinifundisha zamani, alipokuwa visiwani, na mpaka leo akiona tangazo langu ukutani hutoa kalamu na kutia mkato niliousahau. Siku hiyo aliingia dukani na mwavuli, daftari kubwa na hoja iliyokwisha kupangwa.

"Serikali imekataza kukata mikoko tangu enzi," aliniambia. "Lakini serikali iko mbali, na shoka liko karibu. Tunataka sheria ndogo ya kijiji. Watunge wenyewe, waipigie kura wenyewe, na mtu akiivunja aone haya kwa jirani yake."

Akanieleza njia yake. Kaya zitie saini kuomba mkutano mkuu wa kijiji, mkutano uipitishe rasimu, kisha ipande kata, mwisho ifike baraza la madiwani hapa Kibiti. Kijiji alichokusudia ni kile kile nilichokulia, kisiwani kule delta. Nikamwuliza tutalipwa nini. Akasema thawabu. Nikamwambia thawabu haitii wino kwenye printa. Akasema wino ataleta yeye, na kweli akaleta kopo moja, likatufikisha mwisho.

Mwalimu ningeweza kumkatalia. Mtu wa pili nisingeweza, naye alikuwa ameshakubali kabla ya kuulizwa. Huyo ni mkaza mjomba. Kwa ukoo ni mke wa mjomba wangu, kwa malezi ni mama. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado sijaota meno yote, mjomba akanichukua na kumpakatisha mkewe, na kwa kuwa Mungu hakuwajalia mtoto wa kuishi, mapaja yale yakawa yangu peke yangu. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mkondo akasikia mara ya kwanza. Kusoma hakusoma. Lakini kama kuna mtu anayejua chumvi ilipofika mwaka huu na mwaka ule ni yeye, kwa sababu ana shamba la mpunga ukingoni mwa mkondo, na miaka hii ya karibuni upande mmoja wa shamba lile mpunga umekuwa ukigeuka manjano kabla haujazaa.

Bahari inapanda, mvua za mto hazina tena mpango, na mikoko iliyokuwa mbele ya shamba lake imekatwa mpaka ukingo umebaki uchi. Maji ya bamvua, maji makuu ya bahari, yakija hayana wa kuyazuia. Alinionyesha mwenyewe: alichuma jani la mpunga, akaliweka ulimini, akanipa na mimi nilionje. Lilikuwa la chumvi kama machozi.

"Haya, kaandike hiyo," akasema.

Kichekesho ni kwamba mjomba ni mkata mikoko. Tena si mkataji wa kubahatisha. Boriti zake zilikuwa zinajulikana kwa unyoofu, na mafundi waliokuja kununua walikuwa wakiulizia mzigo wake kabla hawajashuka kwenye boti. Akigonga mti kwa mgongo wa shoka alijua kama umeoza ndani. Nilipokwenda kumsalimia na kumwambia kwamba sasa ni katibu wa kampeni ya sheria ya mikoko, aliitikia marahaba, kisha akasema:

"Ada yako ya sekondari ilikuwa imesimama humo mikokoni, mwanangu. Mimi ndiye niliyeiangusha."

"Najua, mjomba."

"Kama unajua, basi. Leo ungekuwa unauza chapati."

"Chapati nazo zinalipa siku hizi," nikamjibu, naye akacheka kwa pua, jinsi anavyocheka akiwa hataki kuonekana amecheka.

Mjomba hakuitaka sheria, lakini hakutaka vilevile mkewe apande mtumbwi wa mtu mwingine. Kwa hiyo tulipoanza kuzunguka vitongoji kutafuta saini, dereva wetu alikuwa ni yeye. Mwalimu alikaa mbele na mwavuli wake, mimi katikati na bahasha ya karatasi niliyoifunga kwenye nailoni, mkaza mjomba nyuma karibu na mumewe, na mjomba amesimama na pondo anatusukuma. Tukifika, sisi tunaingia uani kwa watu kueleza faida za sheria, yeye anabaki barazani na wanaume anaeleza hasara zake. Mara nyingi tulimkuta ameshawamaliza. Tunarudi mtumbwini, mkaza mjomba anamlaani njia nzima, naye anatusukuma taratibu, anakwepa kila kisiki ili bibiye asitikiswe. Sijaona kampeni nyingine inayobebwa na mpinzani wake.

Nilijifunza mengi kwa mkaza mjomba katika safari zile, ingawa wakati ule nilidhani ninamfundisha. Mimi nilikuwa nikiingia nyumbani kwa mtu, baada ya hodi na salamu, natoa karatasi. Mwalimu alikuwa anatoa hotuba. Yeye alikuwa anatoa ukili, ule mkanda wa kusukia mikeka. Alikuwa na bumba lake la ukindu ndani ya kikapu, anakaa mkekani karibu na mwenye nyumba, anaanza kusuka kama vile alikuja kwa kazi hiyo tu. Mwenye nyumba naye, kwa aibu ya kukaa bure mbele ya mgeni anayefanya kazi, analeta ukili wake. Wanasuka. Wanaulizana habari za mgonjwa, za mtoto aliyeko Dar es Salaam asiyepokea simu, za kamba waliopotea mikondoni, kwa sababu kamba huzaliana kwenye mizizi ya mikoko na kila mwanamke kule alikuwa ameshaona wavu unarudi mtupu. Neno sheria halitajwi. Ukili unapofika urefu wa mkono, mwenye nyumba mwenyewe anasema, "Lakini hii mikoko, jamani, inabidi pafanyike kitu." Hapo ndipo mkaza mjomba ananigeukia mimi. "Mpe kalamu."

Wasiojua kuandika walitia dole gumba. Kidau cha wino nilikuwa nakishika mimi, na kila jioni vidole vyangu vilikuwa vya zambarau. Kauli yake kwa waliositasita ilikuwa moja. Mtu akisema, "Lakini dada, mume wangu anakata," yeye anajibu, "Wangu je? Sheria haina mjomba wala shangazi. Ikija, itaanzia kwangu." Aliisema kauli hiyo nyumba nyingi sana, na mimi nikaipenda kiasi kwamba niliichapa kwa herufi nene juu ya tangazo letu.

Sasa niseme habari ya shamba lenyewe, maana bila hilo mtu hataelewa kilichotokea. Kule kwetu mpunga ukianza kutunga, watu wanahama. Kijiji kinabaki na kuku na wagonjwa. Kila kaya inahamia shambani kwake, inaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini na nguruwe na viboko wasikufikie. Miezi kadhaa mnapika juu, mnalala juu, na kuanzia alfajiri mnaamia ndege. Mimi nimekulia humo. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba iliyofungwa makopo ili ndege waruke, na nilikuwa naivuta hata pasipo ndege kwa sababu nilipenda kelele.

Kijijini mjomba na mkewe walikuwa wagomvi. Waligombania chumvi ya mchuzi, mlango ulioachwa wazi, redio. Lakini wakipanda dunguni walikuwa watu wengine. Mjomba alikuwa anaimba. Alikuwa anamkatia muwa vipande vidogo vidogo na kumpangia kwenye sinia, na mkaza mjomba alikuwa anavila bila kushukuru, anatazama mpunga wake. Nadhani ndoa yao ilikuwa inaishi kule, na kijijini ilikuwa inakuja kutembea tu.

Na shamba lile lilikuwa mikoko. Hilo lilijulikana na kila mtu, na ndiyo maana hakuna aliyelikumbuka. Mkaza mjomba alilifyeka mwenyewe alipokuwa mwari wa juzi, yeye na mama mkwe wake, enzi ambazo maji baridi ya mto yalikuwa yanashuka mpaka huko na mpunga ukawa unakubali. Visiki vingine vilikuwemo bado. Nilikuwa nakaa juu ya kimoja kula uji wangu.

Tulipopata saini za kutosha, serikali ya kijiji ikakubali kuitisha mkutano mkuu, mwalimu akaniambia, "Sasa chapa rasimu." Nilikuwa na siku tatu, na dukani foleni ya watu wa mikopo ya wanafunzi. Nikakumbuka kwamba kwenye kompyuta nilikuwa na sheria ndogo ya kijiji kimoja cha bara, niliyowahi kuwachapia, ya kulinda chemchemi yao. Ilikuwa imepangwa vizuri, ina vifungu, ina adhabu, ina hata nafasi ya mhuri. Nikaifungua. Nikaiamuru mashine: kila penye "chanzo cha maji" iweke "msitu wa mikoko." Mashine ikafanya kazi hiyo kabla sijamaliza kupiga chafya. Nikaongeza vifungu vya boriti na shoka na kibali, nikapeleka kopi kwa mwalimu.

Mwalimu alikaa kwenye benchi la duka langu akaanza kusoma kwa sauti. Alipofika kifungu cha sita akanyamaza, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena: "Kila kaya itaruhusiwa kuchota ndoo nne tu kwa siku kutoka katika msitu wa mikoko." Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akaanza kucheka na yeye, na picha yake ikatoka na meno nje, ikabidi nirudie. Kifungu cha saba kilisema msitu wa mikoko ufunikwe kwa zege. Tukacheka tena. Tulivitoa vyote viwili, mwalimu akanisamehe, tukajiona tumesahihisha. Kifungu cha nne hakikuwa na kichekesho chochote, kwa hiyo tulikipita.

Nilipokwenda kisiwani nilimsomea mkaza mjomba rasimu ile, nimesimama, boti ya kurudi inanisubiri na injini inanguruma. Nilimsomea vifungu vya shoka. Vile vingine nilimwambia ni mambo ya ofisini tu. Akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua," na akatia dole.

Mkutano ulifanyika baada ya mavuno, watu wameshateremka kutoka madunguni, kwenye darasa kubwa la shule ya msingi. Wanaume walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Wanawake walitandika mikeka upande wa madirisha. Mkaza mjomba alikuja na kanga mpya, kikapu chake cha ukili mkononi, akakaa mstari wa mbele. Mjomba alikaa nyuma kabisa pamoja na wakataji wenzake. Mimi nilipewa kiti na meza kwa sababu nilikuwa naandika muhtasari, na nilijisikia mtu mkubwa sana.

Mtendaji wa kijiji alianza kusoma. Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, watu wanaitikia kwa vichwa. Akafika cha nne. "Ni marufuku kwa mtu yeyote kulima ndani ya msitu wa mikoko, na mwenye shamba humo ataliacha mara moja bila kudai fidia."

Nilisikia kwa masikio yangu kitu nilichokichapa kwa vidole vyangu. Kule bara, kando ya chemchemi, kifungu hicho kilikuwa kinamwondoa mtu mmoja mwenye kibustani cha mchicha. Hapa kilikuwa kinamwondoa mama yangu.

Kisha mkataji mmoja, mtu wa makamo, mcheshi, jirani wa shamba, akanyanyuka kwenye dawati lake kwa shida. "Mwenyekiti, mimi naiunga mkono sheria," akasema. "Tena naomba tuanze nayo leo. Tuanze na shamba la dada yetu pale mbele, maana tumeambiwa nyumba hadi nyumba kwamba sheria haina mjomba wala shangazi, ikija itaanzia kwake."

Darasa zima likacheka. Walikuwa hawacheki kwa ubaya. Kwetu utani ni chakula, na yule bwana alikuwa amepata tonge zuri. Lakini mkaza mjomba alikuwa ameinama juu ya ukili wake na mikono yake imesimama. Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama mtu ambaye yeye amemwuliza njia, anangoja aelezwe. Nami niliinamia muhtasari wangu. Nilitamani sakafu ya darasa ipasuke.

Kila mtu alijua nini kinafuata. Mjomba alikuwa na nafasi ya kuizika sheria kwa mkono mmoja. Angesimama tu na kusema, mmeona, hata wao wenyewe haiwafai, na darasa lingemfuata. Akasimama kweli. Hakufika mbele, alisema kutoka pale pale nyuma.

"Sheria hii mimi siitaki. Nimesema barazani kwenu nyote, na leo nasema tena. Lakini mimi sishindi kwa shamba la mke wangu. Anayetaka kuipinga sheria aipinge kwa mdomo wake, shamba la huyu aliache." Akakaa. Dawati likalia.

Yule mcheshi akaomba radhi, na radhi yake ilikuwa ya kweli. Mwenyekiti, mtu wa kupenda amani, akapata njia rahisi. "Basi habari ya kilimo tuifute yote. Tubaki na shoka." Watu wakaanza kuitikia. Mwalimu, aliyekuwa karibu na meza yangu, akanong'ona, "Tumekwisha." Alikuwa na haki ya kuogopa. Siku hizi wanaofyeka mikoko ili walime ni wengi kuliko wanaoikata kwa boriti, na sheria isiyogusa jembe ingekuwa mlango wenye komeo usio na ukuta.

Mkaza mjomba akanyoosha mkono. Alisimama na ukili wake ukining'inia.

"Msifute," akasema. "Mkifuta, mwakani kila mtu ana shamba jipya mikokoni, na chumvi itatukuta mezani. Andikeni hivi. Mashamba mapya, hakuna. Yaliyopo, mwenye kulima alime mpaka achoke au afe. Akishatoka, lirudi mikoko. Pasiwe na wa kurithi."

Mwenyekiti akamwuliza, kwa heshima, kama amefikiri vizuri, kwa sababu mwenye shamba mle ndani si yeye peke yake, wapo watu wengine saba au wanane, na wenzake hao wana watoto.

"Na mimi ninaye mtoto," akajibu. "Yule pale mwenye kalamu. Shamba lile nilimwekea tangu ananyonya kidole, na mjomba wake anajua. Kila mwaka naliongezea tuta kwa ajili yake. Msiniulize mimi, muulizeni yeye. Yeye akilitaka, mimi maneno yangu nayarudisha."

Sikuwa najua. Naapa sikuwa najua. Miaka yote ananilalamikia kwamba siji kupalilia, nilidhani anataka msaada. Darasa zima likanigeukia, mwenyekiti akasema, "Haya, binti, wasemaje?"

Nikasimama. Kalamu ilikuwa bado mkononi. "Silitaki, mwenyekiti," nikasema. "Lirudi mikoko."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mwalimu alinishika bega, macho yamemjaa maji, na mimi nilikuwa najisikia mrefu mno. Nilikaa nikaandika kifungu kipya kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, mtendaji akakisoma, mikono ikainuliwa. Wengi walikubali. Walioikataa walihesabika kwa vidole. Mjomba hakuinua mkono upande wowote, na nilipouliza jina lake niliandike wapi, alisema niandike amekuja.

Rasimu ile imeshapita kata. Sasa iko wilayani inangoja baraza, na kila wiki mwalimu anapita dukani kwangu kuniuliza kama nimesikia lolote, nami kila wiki napita ofisini kuwauliza wao. Nimeizoea kazi hii ya kuulizia. Wamenizoea na wao, siku hizi wananikaribisha kiti.

Lakini jioni ile ya mkutano ndiyo ninayoirudia. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika nyumbani. Mjomba alikwenda msikitini. Mkaza mjomba aliwasha moto, akaanza kupeta mchele wa mavuno ya mwaka ule, nami nikakaa karibu yake nikitoa mawe. Njia nzima alikuwa hajasema nami, na mimi nilidhani ni uchovu. Nilikuwa nangoja sifa yangu. Mwisho nikaona haiji, nikauliza.

"Mama, nimekosea?"

"Hukukosea." Ungo ulikuwa unaendelea kwenda juu na chini. "Sheria nzuri. Kifungu kile ulikosea, lakini tumekitengeneza."

"Na shamba? Si wewe mwenyewe uliyesema lirudi mikoko?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

Akausimamisha ungo mapajani. Akapuliza makapi yaliyobaki pembeni, polepole, mpaka yakaisha yote. Alinishika mkono wenye wino, akaufuta kwa pindo la kanga yake ile mpya, na wino haukutoka.

"Ungesita kidogo, mwanangu," akasema. "Hata kidogo tu. Watu wakaona kuna kitu unakiacha."